Siku Baba Alipochora Soko la Kalerwe

Harufu ya karanga zilizosagwa mbichi hainiachi nikae. Nikiinusa popote, miguu inataka kuondoka. Wanangu wananicheka, wanasema mama yao hata harusini ni mguu nje mguu ndani, na ni kweli, sikatai. Chai yenyewe naimaliza nimesimama. Lakini kutotulia huku kuna mahali kulikoanzia, na mahali penyewe ni soko la Kalerwe, kaskazini mwa Kampala, likizo moja ya shule nilipokuwa na miaka kumi, enzi zile wanajeshi ndio waliokuwa serikali ya Uganda.

Baba yangu alikuwa mchora leso. Wengine wanaita kanga. Sisi Mombasa ni leso, na tusigombane kwa hilo. Watu huvaa leso maisha yao yote wasijiulize imetoka wapi, kumbe kila moja kuna mtu aliketi akaichora kwanza: pindo la kuzunguka, picha ya katikati, na nafasi ya kuandika yale maneno. Baba alichorea kwenye madaftari ya hesabu, yale ya miraba midogo, ili wapigaji chapa waweze kuufuata mchoro bila kuukosea. Ndani ya kila mraba aliandika namba ya rangi: moja nyeusi, mbili nyekundu, tatu manjano. Zaidi ya tatu tajiri wake hakuzitaka. Kwa hiyo kazi ya Baba hasa ilikuwa ni kuacha rangi. Akiona kitu kizuri alifumba jicho moja, akakitazama kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa kisichotosha, kisha akaniuliza, tuache ipi? Mwaka ule tajiri alikuwa amemwambia kwamba wanawake wamechoka na korosho na mananasi, wanataka kitu wasichowahi kukiona. Mama Mdogo Zuhura, mdogo wake marehemu mama, alikuwa ameolewa Kampala katika ukoo wa Waswahili wafanyabiashara waliokaa huko tangu enzi za babu zao, na kila barua yake aliuliza lini nitapelekwa anione. Baba akaona ndege wawili kwa jiwe moja. Tukapanda gari la moshi.

Nilichokiona Kampala sikuwa na akili ya kukielewa wakati ule. Madukani rafu zilikuwa tupu. Sukari ilinong'onezwa, sabuni ilikatwa vipande kama halua, na watu walipanga foleni bila kujua mbele kunauzwa nini. Ukishafika Kalerwe, asubuhi, ni kama ardhi haikupewa habari. Ndizi za matoke za kijani zilikuwa zimelundikwa hadi kimo cha mtu, zikichuruzika maji. Bilinganya zilimeremeta, nyanya zilipangwa nne chini moja juu, na mchicha mwekundu uliacha rangi yake mikononi mwa aliyeushika. Walikuwapo pia wanawake wenye ndoo za maua ya kupamba makanisa, mekundu na manjano yenye mashina marefu. Nilichukua moja nikalinusa, sikusikia kitu. Mimi ni mtoto wa asmini na kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Ua lisilonukia niliona ni udanganyifu, nikalirudisha ndooni. Baba alicheka mpaka akashika kiuno. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Alikwenda toka ndoo hadi ndoo akiuliza majina, akiyasahau, akiuliza tena.

Mama Mdogo hakupenda. Alikaa chini ya kilima cha Naguru, penye kambi ya askari waliokuwa wakichukua watu, na humo nyumbani kwake watu walizoea kusema nusu ya sentensi. "Shemeji," alimwambia Baba siku ya pili, akimwekea uji, "tazama utakavyo, macho hayana pazia. Lakini mkono uweke mfukoni. Hapa mtu hashiki kalamu barabarani." Baba akamjibu kwamba anachora nyanya, na nyanya haina siri. Mama Mdogo akanigeukia mimi, akaniambia nisimwache baba yangu peke yake. Nikaitikia naam, nikiwa tayari nimeshafika mlangoni.

Baba alipata kiti chake kwa mama mmoja muuza karanga. Alikuwa mnene, mwenye gomesi, lile gauni lao refu la mabega yaliyochongoka, la rangi ya zambarau iliyopauka, na alimpa Baba sanduku la mbao la kukalia kwa sababu, alisema, mzee akisimama mbele ya meza anafukuza wateja. Karanga zake, nzima na zilizosagwa, alizifungia kwenye karatasi za vitabu vya shule vilivyokwisha, akizisokota kuwa pembe kwa vidole viwili bila hata kutazama. Mimi alinipa karanga kila nilipopita, na nilipita sana, maana nilizunguka soko zima huku Baba akichora. Siku sita tulikwenda. Daftari lilikaribia kujaa. Kulikuwa na leso ya nyanya, leso ya ndoo za maua, moja ya mafenesi yaliyopasuliwa ambayo hadi leo naamini ingeuzwa pwani nzima. Jioni Baba alilifungua mbele yangu akaniambia, hii ndiyo itatutoa, mwanangu. Alimaanisha tutahama chumba cha kupanga, tujenge nyumba yetu. Nilijua uzito wa daftari lile.

Sasa tazama kosa la mtu wa Mombasa. Baba alipotazama ukurasa wake aliona leso. Mistari iliyonyooka, miraba, namba, nukta zinazojirudia, mpaka wa kuzunguka: hayo yote machoni pake yalikuwa mwanamke anayekwenda harusini. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba mtu asiyejua leso zinavyochorwa angeapa ni ramani.

Siku ya saba nilikuwa kwenye ndoo za maua nilipoona watu wakikunja mikeka. Hakuna aliyekimbia. Soko lilishuka sauti tu, na katikati wakawa wanakuja wanaume watatu wa usalama, bila sare, wenye miwani myeusi na mashati yenye maua makubwa, wakitembea polepole. Nilirudi mbio kwa Baba. Nikamvuta mkono. "Subiri," akasema, "namalizia pindo." Nikamvuta tena, hakuinua kichwa. Mama wa karanga aliwaona. "Ssebo," alisema, kwa lile neno lao la heshima, sauti yake chini kabisa, "hiyo kitabu, leta hapa. Upesi." Baba akalikumbatia. Alidhani, masikini, anataka kuliangalia. Basi mimi nikalipokonya. Nilimnyang'anya baba yangu mzazi kitu mkononi, jambo ambalo kwetu linaletewa fimbo, nikampa yule mama.

Alilipasua. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mkono uleule uliozoea, alisokota, akajaza karanga, akampa wa kulia, akampa wa kushoto, naye akampa wa nyuma yake. Hakuna aliyeuliza. Nyanya za Baba, mafenesi ya Baba, yaliondoka mikononi mwa watu tusiowajua, na jalada akalikalia. Wale wanaume walipofika, mmoja akamuuliza, "Mzee, wewe naandika nini?" Yule mama akajibu badala yake: "Yeye naandika? Huyu nakula karanga tu tangu asubuhi, na mtoto yake." Walimpekua Baba, wakasoma kitambulisho chake, wakamuuliza Mombasa anafanya nini. Nilimsikia akisema kazi yake ni kuuza nguo. Nadhani wangetuacha sote. Lakini yule mdogo wao, kwa njaa tu, alichukua pembe moja ya karanga iliyobaki mezani, akatupa mbili mdomoni, na karatasi ikafunguka mkononi mwake. Miraba, namba.

"Hii umetoa wapi?" Hakumuuliza Baba. Alimuuliza yule mama.

"Karatasi ni karatasi, afande. Mimi nanunua ya kufungia tu."

Yule mkubwa akamgeukia Baba akamwambia, "Wewe mzee, chukua mtoto yako, enda." Kisha akamwambia mama, "Wewe, simama."

Baba angeweza kusema ni yangu. Maneno mawili tu. Niliuona mdomo wake ukiyatafuta. Kisha alinitazama, akanishika mkono kwa nguvu iliyoniuma, na tukaondoka. Aliniambia nisigeuke, na mimi, mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumtuliza, siku hiyo nilitii. Nyuma yetu nilisikia beseni likianguka na karanga zikimwagika, na hakuna sauti ya mtu.

Kesho yake alfajiri Mama Mdogo alitupandisha gari la moshi. Njia nzima Baba hakusema nami, nikajua ni kwa sababu ya daftari, na nikamkasirikia kwa moyo wangu wote. Miaka mingi baadaye, nikiwa na wanangu, ndipo aliponiambia kwamba hakuwa akifikiria michoro hata kidogo. Alikuwa akifikiria yale maneno mawili. "Wewe uliniokoa," alisema, "na yule akaniokoa, na mimi nilimwokoa nani?" Alilia, nami nililia. Aliendelea kuchora leso hadi macho yalipomwishia, lakini ni mistari na nukta tu. Tunda hakuchora tena, na ile nyumba hatukuijenga.

Mimi nimekuwa mchoraji wa picha, na bila masoko sina cha kuchora. Nimechora Kisumu, Arusha, Bujumbura. Kalerwe nilikuwa naikwepa, mpaka mwaka juzi nikajikaza nikaenda. Siku hizi kila mtu ana simu, anapiga picha anachotaka. Nilifungua karatasi zangu katikati ya soko, mchana kweupe, na wauzaji wakanizunguka wakitaniana, kila mmoja akitaka achorwe yeye kwanza na apunguzwe tumbo. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Nilichora wawiliwawili, nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Mwishowe nilimwendea bibi mmoja aliyeonekana kuwa wa siku nyingi pale, nikamwambia zamani, wakati wa wanajeshi, kulikuwa na mama hapa, muuza karanga, mnene, aliyetusaidia mimi na baba yangu, na nataka kujua kama alirudi kwake siku ile. Bibi aliacha kumenya maharagwe. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole, kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi.

"Wengi walikuwa hapa, nnyabo," alisema, kwa neno lao la kumheshimu mwanamke. "Jina yake nani?"

Siku saba tulikaa mezani pake tukila karanga zake, na hatukumuuliza.