Kufuli Langu kwenye Nyumba ya Mzungu

Kosa ni langu peke yangu, msinitafutie mwenzangu wa kulibeba. Nimelificha tangu uhuru. Sasa nimebaki na meno matatu na bado linaniuma.

Uhuru ulipofika nilikuwa mpakiza mizigo bandarini Kalundu, kifua kipana, akili finyu. Tulikuwa tumeambizana kwamba Wazungu wakiondoka, nyumba zitakuwa za atakayewahi. Mimi niliamini, jamani! Mbelgiji mmoja mwenye nyumba kando ya ziwa alipanda boti na familia yake kwenda Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwake na kufuli jipya.

Mlango ulikuwa wazi. Nikaingia, nikazunguka sebuleni mikono nyuma, nikakalia kiti chake, nikajikohoza kibwana. Vyumba vya nyuma sikuvitazama. Ya nini, na vyote ni vyangu? Nikapigilia komeo kwa nje, nikafunga, nikashuka ufukweni nikizungusha ufunguo kidoleni.

Mara nikasikia mtu anagonga kutoka ndani. Ko! Ko! Ko!

Mimi ninayebeba magunia mawili kwa mpigo, nikaamua ni mzimu wa yule Mzungu. Mzungu mwenyewe yuko hai, nimemwona kwa macho yangu akipanda boti! Nikautupa ufunguo ziwani ili mzimu usinifuate, nikakimbia hadi kwetu Rugenge bila kugeuka nyuma.

Kesho yake mapema akaja Zawadi, binti niliyekuwa nimemposa. Baba yake alikuwa mpishi wa yule Mbelgiji.

"Weye, umeona papa?" akaniuliza, akimaanisha baba yake. "Jana alienda kuchunga nyumba ya bwana wake, na homa iko naye. Tumeenda kule, tumekuta kufuli. Tunazani amemufuata bwana Usumbura."

"Siyamuona," nikajibu. Hapo sikuwa nimesema uongo, ila nilishajua ni nani aliyegonga jana.

Nilirudi mbio hadi dirisha linalotazama ziwa. Kupitia vyuma nikamwona mzee amelala sakafuni, anatetemeka.

"Mwanangu, fungua," akasema.

"Ngoja kidogo, papa."

Kidogo! Ningeweza kuita watu waje na shoka. Lakini bandari nzima ingenicheka, na Zawadi angejua anaolewa na mjinga. Basi nikavua shati, nikaingia ziwani kuutafuta ufunguo.

Nilipiga mbizi kutoka asubuhi hadi jua likaanza kushuka. Niliibuka na mawe, na konokono, na kiatu kimoja cha mtoto. Kila nikiibuka najiambia, bado kidogo tu.

Zawadi akanikuta humo.

"Unatafuta nini mu maji?"

"Ninaoga."

Mzee akakohoa ndani ya nyumba. Zawadi akatazama kufuli, akanitazama mimi. Alienda kwa wavuvi, akaazima shoka, akauvunja mlango mwenyewe.

Akamtoa baba yake amemshika kwapani, midomo imepasuka kwa kiu. Nikaanza kueleza habari za ufunguo. Mzee akanikatiza.

"Nilikuwa nakuona kwa dirisha. Siku yote weye iko ndani ya maji. Hata kikombe moja haukuniletea?"

Ee Mungu wangu! Vile vyuma mkono ulikuwa unapita. Siku nzima nimesimama ndani ya ziwa, na wazo hilo halikunijia.

Mzee alipona, namshukuru Mungu. Posa yangu haikupona. Zawadi aliolewa na mwingine, na sikuwa na uso wa kulalamika.

Nyumba nayo haikuwa yangu. Wakati wa uasi uliokuja miaka michache baada ya uhuru, wapiganaji walilala humo, paa likaondoka, leo mbuzi ndio wanakaa sebuleni. Kufuli langu bado linaning'inia kwenye fremu, limefungwa, lina kutu, na kila nikipita nageuza uso.

Wewe unayesoma, kabla hujafunga mlango, ita kwanza. Na ukishamfungia mtu, acha kuutafuta ufunguo. Mpelekee maji.