Sinia la Koulsoum

Wifi yangu Koulsoum hakuwahi kula nguruwe. Ninalisema hili mwanzo kabisa, maana hapa Mahajanga wapo wanaoapa hadi leo kwamba alimla, na ninawajua mmoja mmoja.

Kumpika alimpika. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mpishi wa Mfaransa mmoja huko Nosy Be, msimamizi wa mashamba ya mlangilangi, na Mfaransa yule aliitaka nyama yake kila Jumapili. Kila alipoigusa, Koulsoum alikwenda uani akanawa mikono mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni tukiwa watoto. Viganja vikampasuka. Mume alikwisha kumwacha, na binti yake Rahamatou alitaka kula. Hao wanaomnyooshea kidole hawakumpelekea hata kibaba cha mchele.

Mwaka wa pili wa uhuru Mfaransa akafunga mizigo. Koulsoum akavuka bahari na binti yake hadi bandari ya Antsahampano, wakashuka mpaka kwetu, kwa kaka yake Bacar, ambaye ni mume wangu. Haikupita miezi sita Rahamatou akachumbiwa na mtoto wa Bweni Fatoumia, bweni kwetu ni bibi wa heshima, na huyu akikohoa tu mtaa mzima unanyamaza.

Kwetu, siku tatu kabla ya nikaha, mama wa bibi harusi hupeleka sinia la vitamu kwa mama wa bwana harusi. Likirudi tupu, amekubaliwa, atakaa mkeka mmoja na wakwe zake. Likirudi limejaa, ndoa itafungwa, lakini yeye siku hiyo atabaki jikoni na masufuria. Koulsoum alitaka hilo tu, akae mkekani siku ya mwanawe.

Keki aliioka asubuhi, makaa juu na makaa chini. Ikaumuka vizuri, kisha ikapasuka katikati. Ilibidi ifunikwe kwa kitu. Siagi ya kopo aliyoiweka akiba ilikuwa imechacha, na dukani kwa Mhindi hakukuwa na nyingine. Akafungua kabati langu akakuta sukari, nazi mbili, na vanila aliyokuja nayo mwenyewe kutoka Nosy Be.

"Wifi, nikunie nazi," akasema.

Nikakuna. Akakamua tui zito, akalichemsha na sukari mpaka likaanza kuvutika kwenye mwiko, akaipua, akatia vanila. Halafu tukalipiga kwa zamu, mmoja akichoka mwenzake anapokea, mpaka likawa jeupe, zito, linang'aa. Akalipaka kwa kisu chenye maji na ufa ukapotea. Nililamba mwiko. Wallahi sijapata kuonja kitu kama kile.

Tulichosahau ni kipupwe. Ilikuwa Julai, upepo una baridi, na mafuta ya nazi huganda. Tulipofika kwa Bweni Fatoumia na kitambaa kikaondolewa, juu ya keki palikuwa na utando mweupe wa mafuta.

Bweni Fatoumia akaugusa kwa ncha ya kidole. Akanusa.

"Mafuta gani haya?"

"Tui, bweni. Nazi na sukari tu."

"Nazi tunaijua," akadakia Oumi, mdogo wake Bweni Fatoumia. "Mafuta meupe namna hii nimeyaona kwenye majiko ya wazungu, na hayakutoka mnazini."

Wanawake wakavuta leso zao, kana kwamba sinia lingewarukia. Koulsoum akanigeukia.

"Wifi, waambie. Si tumepika wote?"

Mimi nilikuwa nimeketi mkekani. Miaka yote niliyokaa mtaa ule ilikuwa mara yangu ya kwanza, na Bweni Fatoumia mwenyewe alikuwa amenisogezea mto wa kuegemea. Macho yote yakaja kwangu. Niliogopa, na ninajichukia kwa hofu ile.

"Nazi nilikuna mimi," nikasema. "Alipopika sikuwapo."

Hakuna aliyeniuliza zaidi. Bweni Fatoumia akairudishia keki kitambaa chake, polepole, kwa adabu zote.

Koulsoum alilibeba sinia kichwani njia nzima bila kunitazama. Nyumbani Rahamatou alikuwa ndani anapakwa hina, akasikia mlango.

"Mama, wamekula?"

"Wameshiba, mwanangu."

Nikamfuata uani. Nikaishika mikono yake miwili kwa mikono yangu, nikalia, nikamwomba anisamehe. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akajitoa taratibu, akaenda kwenye pipa la maji, akainama, akachota udongo. Alinawa mara saba. Alipomaliza akajifuta kwa leso yake na kuingia jikoni.