Askari Waliingia Kwenye Masafa Yetu

Miaka ya tisini nilikuwa nesi katika zahanati ndogo huko Koboko, karibu na mpaka. Simu hatukuwa nayo. Tulikuwa na redio koli iliyotumia betri ya gari, na hiyo ndiyo tuliyoitia hospitali kule Arua.

Asubuhi moja aliletwa kwa baiskeli mama mjamzito kutoka Lobule. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi, mtoto amekaa vibaya, na damu imeanza kutoka. Nilikimbilia redio.

"Arua, Arua, hapa Koboko."

Nilipoachia kitufe nisikie jibu, ikaingia sauti ya mwanamume nisiyemjua, akitaja daraja na idadi ya watu. Ni askari. Redio yao ilikuwa imeingia kwenye masafa yetu, tena ilikuwa na nguvu kuliko yetu. Siku hizo kulikuwa na vita karibu na mpaka, na ukisikia mambo ya askari unaweza kuitwa mpelelezi.

"Nani iko kwa hii laini?" akauliza. "Iko wapi wewe?"

Nikazima. Mama mkwe wa mgonjwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Sista, gari nakuja?"

Nikawasha tena.

"Mimi nesi, zahanati ya Koboko. Mama iko nakufa hapa. Nyamaza kidogo tu, Arua isikie mimi."

Nikaachia kitufe. Ndipo nikatambua kuwa nimeshawaambia nilipo.

"Sema haraka," ile sauti ikasema.

Nikaita tena, na Arua ikajibu papo hapo. Kumbe walikuwa wakinisikia vipande vipande. Gari lilifika saa sita. Mama alipona. Mtoto hakuishi.

Siku ya tatu wakaja askari wawili na fundi. Nilimkabidhi nesi mwenzangu funguo za stoo ya dawa, nikijua naondoka nao. Lakini fundi alifungua redio tu, akasema sisi na wao tulipewa masafa yaleyale, kila upande na ofisi yake bila kuulizana. Akatubadilishia, wakaenda.

Hakuna aliyenigusa. Hata hivyo nilimwomba mwenzangu awe ndiye anayeita Arua, na mwezi mzima sikukaribia chumba cha redio.