Pingamizi na Boya la Juu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa pekee, ni mkaguzi wa mizani. Hupita madukani na sokoni na sanduku la mawe yake ya shaba, anaweka jiwe juu ya mzani wa muuza sukari, anakunja uso, kisha anasubiri. Akimkuta mama muuza nyanya kaegemeza kidole kwenye sahani ya mzani, atamhutubia mbele ya wateja mpaka mama wa watu atamani ardhi ipasuke. Hilo mimi halinikeri. Mizani sharti ikaguliwe. Kinachonikera ni Jumapili.

Jumapili anavaa kaptula nyeupe, kofia yenye nanga iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu, na miwani ya jua yenye kamba nyuma ya shingo, eti isije ikazama. Anakuwa nahodha. Klabu yao iko ukingoni mwa ziwa ambalo ukimwita mtu wa ng'ambo kwa sauti ya kawaida anageuka. Hapo watu wazima wenye kazi zao na vitambi vyao hushindana kuyazunguka maboya kwa mashua ndogo za tanga, wakimaliza wanapanda ukumbini kunywa vitu baridi na kusimuliana safari, na ukiwasikiliza utadhani wamerudi kutoka ncha ya dunia. Upepo wanauzungumzia kama ndugu yao mwenye nafasi serikalini: leo kanitupa, leo kanibeba.

Nawajua kwa sababu mimi ni fundi wa friji, na friji ya jikoni pao ni kongwe na ina deko. Kila baada ya muda mfupi wananiita. Naingia kwa mlango wa nyuma na mkoba wangu, nachuchumaa nyuma ya friji, nawasikia wote.

Wana utaratibu mmoja wanaojisifia mno. Majini hakuna refa. Ukigusa boya, hakuna wa kukupulizia filimbi. Unajiadhibu mwenyewe, unaizungusha mashua duara zima, kisha ndiyo unaendelea na mashindano. Wanaliita jambo hilo uungwana. Mwenye malalamiko dhidi ya mwenzake anapandisha kibendera chekundu, na jioni kamati inakaa kusikiliza pingamizi lake. Shemeji amekipandisha chake mara nyingi hadi wekundu umepauka, ndiyo maana klabu nzima inamwita Pingamizi. Aliwahi kumwekea pingamizi mtu aliyekatisha mashindano kwenda kumwokoa mwenzake aliyepinduka, eti njiani alimzibia upepo. Alieleza kwa mchoro. Alitumia kijiko na vikombe vya chai kuonyesha nani alikuwa wapi, na aliyezama alikuwa kijiko.

Na dada yangu? Dada anakaa mbele. Mashua zile zinataka watu wawili: mmoja nyuma anashika usukani na kupata sifa, mwingine mbele anavuta kamba ya tanga dogo na kupata lawama. Wa mbele ndiye jicho, kwa sababu tanga kubwa linamziba wa nyuma. Kwa hiyo dada humtangazia boya liko wapi, na yeye humjibu kwa kelele zinazofika mpaka jikoni. "Vuta! Legeza! Nimesema vuta! Wewe mwanamke, unakaa huko kama mzigo!" Nilikuwa nashika bisibisi nikiyasikia hayo. Nashukuru Mungu bisibisi ilibaki kwenye friji.

Dada yangu si mzigo. Ni mkataji nguo katika karakana ya sare za shule, Jumatatu hadi Jumamosi, amesimama mbele ya meza ndefu na mkasi ambao mimi nikiushika mkono unauma. Jumapili ndiyo siku yake pekee. Na mama yetu, ambaye magoti yamemkatalia na haendi tena popote, ana ombi moja tu duniani: asukwe nywele na bintiye. Si jirani, si msusi wa kulipwa, si mke wangu ambaye amejaribu akaambiwa mkono wake mzito. Anataka binti yake akae nyuma yake uani, amchambue nywele, wapige umbea wa watu waliokufa zamani. Kila nikienda kumwona ananiuliza, "Dada yako yuko wapi?" Namjibu, "Yuko ziwani, mama." Anauliza, "Bado?"

Shemeji alikuwa na ahadi kwa hilo, na aliitoa mbele yangu. "Nikichukua kikombe cha mwaka mara moja tu, mashua nauza. Jumapili zote zako, kamsuke mama yako mpaka mchoke." Aliirudia ahadi hiyo kila msimu, na kila msimu alishindwa na mwanamke mmoja mwalimu wa hesabu, mpole, anayeendesha mashua huku akitafuna karanga. Basi dada akaendelea kukaa mbele. Alitaka kile kikombe kuliko mwenyewe mwenye kofia, na alikitaka ili akiondoe njiani.

Siku ya mashindano ya mwisho, Pingamizi na mwalimu walikuwa sawa kwa alama. Atakayetangulia siku hiyo ndiye bingwa. Friji nayo ikachagua siku hiyo hiyo kufa. Nilikuwa jikoni, dirisha wazi, ziwa lote mbele yangu.

Upepo ulikuwa wa kubembeleza, unakuja na kukatika. Walipolikaribia boya la juu, lile la mbali kabisa, mwalimu alikuwa mbele kidogo akazunguka kwa nafasi, bila haraka. Shemeji akaona apenye kwa ndani. Nilimsikia dada akisema, "Hapaingiliki, baba watoto, hapaingiliki," na yeye akisema, "Kaa kimya." Akapenya. Mwalimu alikuwa ameshawapa mgongo. Nikaliona boya, kwenye maji yasiyo na wimbi, likiyumba peke yake huku na huku. Sikuona mashua yoyote ikizunguka duara. Niliona Pingamizi akipita mbele, akivuka mstari, na honi ikilia.

Dada alikuja jikoni kutafuta maji, jaketi la kuokolea bado mwilini, suruali imelowa hadi mapajani.

"Mmeligusa," nikasema.

"Tumeligusa. Nyuma imelikwaruza kabisa, nimesikia mpaka kwenye meno. Nikamwambia zunguka. Akaniambia eti mimi sijaona kitu."

"Sasa?"

Hapo nieleze utaratibu wao mwingine. Kabla kikombe hakijatolewa, mwenyekiti wa klabu, ambaye ni daktari wa meno na huongea kama mtu aliyezoea wasioweza kumjibu, humgeukia wa mbele wa mashua iliyoshinda na kuuliza mbele ya ukumbi wote: "Safari ilikuwa safi?" Haulizwi nahodha, anaulizwa wa mbele, kwa kuwa yeye ndiye jicho. Akijibu "Safi," kikombe kinatoka. Ndiyo siku pekee ya mwaka watu hao humkumbuka aliyekaa mbele.

Dada alikunywa maji yote, akaweka glasi. "Nitasema safi. Jumapili ijayo nipo kwa mama."

"Sema," nikamwambia. "Sema kwa sauti." Na sijutii. Kwangu mimi uungwana wao wote haukufikia ncha ya kitana cha mama.

Akasema. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa chenye mafuta mkononi. Mwenyekiti akauliza, dada akajibu, "Safi," ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu wa hesabu alipiga kuliko wote. Shemeji akapokea kikombe, akakiinua juu ya kofia yake, akaombwa aseme neno.

Akasema maneno, si neno. Akaeleza upepo. Akaeleza ujasiri. Akasema mizani haidanganyi na ziwa halidanganyi. Kisha akakohoa, akasema, "Na kwa kuwa bingwa hakimbii, natangaza kwamba mwakani mimi na mke wangu tutarudi kukitetea kikombe hiki. Na mwaka utakaofuata, tukijaliwa. Bibi hapa hata kumuuliza hakuna haja, yeye bila ziwa haishi."

Walicheka. Nikamtazama dada. Kwa wale wanaume dada yangu alikuwa anatabasamu. Mimi niliyekua naye nilijua kwamba hilo silo tabasamu lake.

Akasimama. "Mwenyekiti, naomba kurudia jibu langu."

"Karibu mama, karibu," akasema daktari wa meno, akidhani anakuja kushukuru.

"Safari haikuwa safi. Tuligusa boya la juu. Nilimwambia mume wangu azunguke, hakuzunguka. Nimedanganya mbele yenu kwa sababu zangu, na hizo sababu zimekwisha sasa hivi."

Shemeji akawa wa rangi nisiyoijua. "Huyu hajui sheria! Mke wangu amechoka, jua limempiga!" Mwenyekiti akamwangalia mwalimu, mwalimu akaangalia karanga zake. Hakuna aliyejua la kufanya, watu wenye vitabu vya sheria za matanga kabati zima. Mwisho kikombe kikatolewa mikononi mwa shemeji taratibu, kikawekwa mezani mbele ya mwalimu, ambaye hakukigusa.

Nilimpakia dada kwenye pikapu yangu, friji nikaiacha wazi kama ilivyo. Tulipofika kwa mama, dada alikuwa bado na jaketi la kuokolea. Mama alimtazama, akatazama ile suruali mbichi, akauliza, "Leo si Jumapili?" Dada akasema, "Ndiyo, mama," akakaa nyuma yake, akaanza kufumua.

Mtu mwingine angejificha ndani kwa aibu mwezi mzima. Pingamizi alipandisha kibendera. Alimwekea pingamizi mkewe. Alidai kwamba kwa mujibu wa kanuni za klabu wa mbele huulizwa mara moja na hujibu mara moja, na jibu la pili ni porojo. Kamati ikakaa. Wale watu wakakaa kweli, wakafungua vitabu, wakapekua, na wakaona kwamba Pingamizi ana haki. Jibu lililopo ni la kwanza: safi. Mwalimu akasema wampe tu kikombe chake, yeye ana madaftari ya kusahihisha. Hakuna hata mmoja aliyesimama kusema kwamba boya liliguswa au halikuguswa. Hilo halikuwa swali mbele ya kamati.

Jumapili iliyofuata akaja navyo vyote uani kwa mama: kaptula nyeupe, kofia yenye nanga, kikombe. Mimi nilikuwa kwenye ngazi nikifunga bomba la paa. Mama alikuwa kwenye kigoda, kichwa kati ya magoti ya dada, nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima. Shemeji aliamkia vizuri, sitamnyima hilo. Kisha akakiweka kikombe juu ya meza ya kuoshea vyombo.

"Kamati imenipa haki," akasema. "Mambo yamekwisha. Sina kinyongo. Chukua jaketi lako twende, upepo leo mzuri, na peke yangu mashua haiendi."

Dada hakuinua kichwa. Aligawa nywele kwa kitana, akaupitisha mstari hadi kisogoni, umenyooka vile anavyokata kitambaa. "Ulizunguka?"

"Kamati imesema..."

"Sijaiuliza kamati. Nakuuliza wewe. Ulizunguka?"

Mkaguzi wa mizani akatazama kikombe, akanitazama mimi juu ya ngazi, akatazama lango. Nilidhani angalau safari hii atatafuta uongo wa maana.

"Lakini mama watoto," akasema, "mbona hakuna mtu aliyeona."

Dada alisimamisha mikono. "Mimi nilikuwepo," akasema.

Akabaki amesimama pale na kofia yake, akisubiri sijui nini. Dada akashika fungu jingine la nywele, akaligawa, akaanza kusuka. Mama aliinua jicho moja kutoka magotini mwa bintiye.

"Sogea kidogo, mkwe," akamwambia. "Unatuzibia mwanga."