Heimweh na Bakuli la Mama

Nikinusa iliki tu, narudi ghorofa ya tisa, Crescent Town, Toronto, nikiwa darasa la nne. Mama akikaanga vitumbua, korido nzima ilinukia, na milango yote imefungwa. Jamani, ile milango! Kwetu Tanga ukibandika karai tu, jirani keshajua. Pale ungekaanga ng'ombe mzima, asichungulie mtu.

Jumamosi moja Mama akanituma na bakuli la vitumbua kwa Bibi Helga, kikongwe wa Kijerumani wa mlango wa pili. Nikamwamkia shikamoo bila kufikiri. Akacheka, akataka kujua maana yake. Basi nikapata bibi. Kila nikitoka shule nilikuwa kwake, maana nyumbani Mama alikuwa kazini ghalani na upweke ulinila.

Alinifundisha neno heimweh. Heim ni nyumbani, weh ni maumivu: uchungu wa kutamani kwenu. Akanipa na ukoo wa neno lenyewe: lilitoka milima ya Uswisi, na askari waliokwenda kupigania wafalme wa kigeni walisemekana kuugua ugonjwa huo, hata kufa. Weh yenyewe, alisema, mwanzo ilikuwa sauti tu ya mtu aliyeumia.

"Kama uwi yetu," nikamwambia.

Lakini lile bakuli alilirudisha limeoshwa, linang'aa, tupu. Mama nilimwona uso unambadilika.

"Chombo hakirudi kitupu! Hata chumvi kakosa? Usikanyage tena kwake."

Nikawa napita mlango ule nikinyata, roho inaniuma. Siku moja Bibi Helga akanidaka penye lifti, nikamweleza yote kwa Kiingereza changu cha kulia. Akashika shavu. Kwao, kumbe, aibu ni kurudisha chombo kichafu.

Jumamosi yake tukasikia hodi. Alikuwa yeye, na bakuli la biskuti zake za Krismasi, zinanukia iliki vilevile. Akainama mbele ya Mama, yeye kikongwe wa miaka themanini, akasema, "Shikamoo!"

"Uwi! Si wewe, bibi, ni mimi nikuamkie wewe!" Mama alicheka mpaka akaegemea mlango, halafu kicheko kikageuka kilio. Alilia kwa muda mrefu, Bibi Helga kamshika mkono, mimi nakula biskuti.

Nilidhani analilia shikamoo ile. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba hasira yake haikuwa ya chumvi. Mama alikuwa amebisha hodi Kanada, akaona amejibiwa kwa bakuli tupu. Nami nilikwenda kwa jirani kujifunza jina la ugonjwa, kumbe mgonjwa nilimwacha jikoni.