Kinywa cha Kuazima

Tangu miguu ilipoanza kumvimba, na daktari akampiga marufuku jibini kwa ajili ya figo, mpishi wa misheni pale Izimbya huonja kwa kinywa cha mkewe. Kutengeneza hakuacha, maana Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Bukoba, hali mkate bila jibini yake. Kila asubuhi mpishi hunywa maziwa aliyoruhusiwa, ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa, kichwa akikiinua juu kama mtu anayemalizia kibuyu kizima, kisha hujipangusa midomo kwa kiganja, ingawa haikulowa. Halafu huingia stoo, akaigonga jibini kwa kidole na kuitegea sikio kama mtu apigaye hodi, akaikata, akamwita Anatolia. Anatolia, aliyekuzwa kwa ndizi na senene, mwanzoni aliitafuna huku ameziba pua. Mumewe humwinamia, mikono nyuma, akiyafuata mataya yake kwa macho. Mke akimeza, naye humeza.

Juzi ilitoka jibini njema kuliko zote. Anatolia alimwona mumewe anavyomeza mate, akamwonea huruma, akaamua kumdanganya asije akaitamani.

“Mbaya,” alisema, akikunja uso. “Chumvi tele, na inanuka kama beberu.”

Mpishi akaitikia kwa kichwa, polepole, akifuta kisu kwenye aproni.

“Pole sana, Mama Jovitha,” alisema. “Na hicho kipande cha tatu, unakila kwa adhabu gani?”