Makoti ya Sufu ya Bodo

Masika ya mwaka ule yalizidi, maji yakaangusha nyumba za udongo za kijiji cha Bodo karibu zote. Hakufa mtu, alhamdulillahi, lakini watu walibaki na nguo walizozivaa. Mudiri, mkuu wa eneo letu, akaomba msaada Mombasa, na baada ya siku kadhaa lori likafika Msambweni na marobota. Mimi nilikuwa fundi cherehani pale sokoni, nikaitwa kuyafungua.

Robota la kwanza lilikuwa makoti ya sufu, ya Kizungu, mazito kama magodoro. La pili, makoti. La tatu, makoti na glovu. Na sisi hata kanzu hututoa jasho.

Shangazi yangu, aliyekuwa akiwapikia waliokosa makazi, alimgeukia dereva.

"Watu wanalala mchangani, nawe wawaletea haya?"

"Mama, mimi nimeambiwa nilete. Kufikiri sikuambiwa."

Shangazi alilitandaza koti moja mkekani, akalipiga kofi. "Mgongo huu ni blanketi la mtoto. Mikono hii tukiijaza usumba wa nazi ni mito. Bitana ni gauni. Fundi, keti."

Nilikata na kushona siku nne, vidole vikavimba. Glovu hatukujua pa kuzipeleka, mpaka tulipofika Bodo wavua kaa wakazigombania. Mmoja alitia mkono katika shimo la kaa kule mikokoni, akautoa akicheka: "Leo na aume!"

Mzee mmoja ndiye aliyetushinda. Alidaka koti zima lisilokatwa, akalivaa mpaka msikitini Ijumaa. Jasho lilimtiririka akaonekana kama ametawadha mara mbili.

"Shikamoo, babu," nilimwambia tulipotoka. "Huoni joto?"

"Marahaba. Nyumba imekwenda na maji, kuku wamekwenda na maji. Joto ni langu, niachie."

 Shangazi, aliyekuwa akitungoja nje, alifuta macho kwa leso, nami sikujua ni kicheko au kilio.

Wiki iliyofuata mzee yule alikuja kwangu kwa miguu, koti begani. "Toa mikono tu." Nikatoa. Akarudi: "Fupisha kidogo." Nikafupisha. Mara ya tatu akataka nitoe na kola. Tulipomaliza, koti lilikuwa limegeuka kizibao kizuri ajabu, nacho akakivaa juu ya kanzu siku ya Idi, kifua mbele. Jioni ile wazee watatu wa Bodo walinijia dukani, wakanong'ona kama wenye aibu: makoti yamebaki?